Mnamchekea nini anayetetemeka asubuhi?

Wiki hii kuna video imezunguka kwenye magrupu. Jamaa yuko kijiwe cha supu, asubuhi, mikono inamtetemeka mpaka kijiko kinamwaga. Anapiga bia ya kuzimua, anatulia, wenzake wanashangilia. Emoji za kucheka zimejaa.

Mimi nimeshindwa kucheka. Ubongo uliozoea pombe kila siku hukanyaga mafuta kwa sababu pombe inakanyaga breki. Pombe ikishuka usiku, mafuta yanabaki peke yake: jasho, moyo mbio, usingizi kukatika saa tisa, mikono kucheza. Haya, nakubali, si kila anayezimua Jumapili baada ya harusi ni mraibu. Ila anayezimua Jumanne ili aweze kushika kalamu kazini?

Shida ni kwamba mlevi wetu sisi ni yule wa mtaroni tu. Mwenye tai, mlipa ada, anayemaliza nusu kreti bila kuyumba, huyo tunamsifu: "Mzee pombe hazimuwezi!" Zamani bia mbili zilimtosha, sasa nane hazimfikishi popote. Tunaita kipaji. Akianza kuficha chupa kwenye buti la gari na kumjia juu mkewe akiulizwa, tunasema mke ana mdomo. (Viroba, zile pombe kali za pakiti, vilipopigwa marufuku Tanzania 2017 tulidhani kazi imeisha.)

Wanaonikera kuliko wote ni wajomba wa "aache leo leo, awe mwanaume". Wanamfungia chumbani na jagi la maji. Jamani! Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikata ghafla, anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akaweweseka na kuona wadudu ukutani. Watu hufa hivyo, na msibani tunanong'ona kwamba karogwa. Hospitalini zipo dawa za kumshusha taratibu, kama diazepamu, pamoja na vitamini B1 ya kuulinda ubongo. Si lazima Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Vikundi vya AA (Alcoholics Anonymous), vya walevi wanaosaidiana kuacha, havitozi ada wala havidai jina la ukoo. Maombi? Nendeni, lakini mpitie kwa daktari kwanza.

Na ukifika kwa daktari usimwambie una malaria. Sema: "Nisipokunywa asubuhi, natetemeka."