Watu hawana kazi halafu serikali inabana matumizi, hapana

Kila uchumi ukiyumba lazima itokee hii kauli, eti serikali nayo ifunge mkanda kama familia inavyofunga hela zikipungua. Inaingia akilini haraka, ndo maana wengi wanaikubali, hata mimi niliiamini muda mrefu tu. Lakini serikali sio familia jamani. Familia ikiacha kununua nguo mshahara wao haushuki kwa sababu hiyo, ila serikali ikikata matumizi inakata kipato cha walewale wanaoilipa kodi, na kipindi hicho makampuni yameshaogopa hayaajiri, mabenki hayakopeshi, watu wameshikilia vihela vyao, sasa na serikali ikijitoa nani anabaki kununua?

Na haya yameshatokea. Marekani mwaka 1933 karibu robo ya nguvu kazi haikuwa na ajira. Serikali ya Rais Roosevelt ikamwaga hela kwenye barabara, madaraja, mashule, mpaka 1937 ukosefu wa ajira ukawa umeshuka kwenye kama asilimia 14. Hapo wakaona mgonjwa kapona, wakakata matumizi ili bajeti ikae sawa, na mikopo nayo ikabanwa, 1938 wakajikuta wamerudi asilimia 19. Ugiriki ndo inaniuma zaidi. Kuanzia 2010 walikata mishahara, pensheni, wakapandisha kodi, yote kwa jina la kupunguza deni, na kufika 2013 asilimia 27 hawana kazi, kwa vijana ni zaidi ya nusu yao, na deni lenyewe likilinganishwa na uchumi likawa kubwa kuliko walipoanza!! Mwaka huohuo IMF, shirika la fedha la kimataifa, wakakiri kwamba walikadiria kidogo mno madhara ya kubana. Wamekiri, sawa, ila watu walikuwa wameshaumia.

Wajerumani 2009 walifanya kitu nakipenda sana. Uchumi ulishuka kwa zaidi ya asilimia 5, lakini badala ya kufukuza watu kampuni zilipunguza masaa na serikali ikafidia asilimia 60 ya mshahara uliopotea, mwenye watoto akifidiwa asilimia 67. Ukosefu wa ajira haukupanda sana, na oda ziliporudi mafundi walikuwepo palepale, hakuna kuanza kutafuta na kufundisha watu upya.

Najua mtu ataniuliza deni je. Lipo na lazima lilipwe, ila lilipwe watu wakiwa kazini na kodi zinaingia, na hapa wanasiasa wetu ndo wanatuangusha manake uchumi ukiwa mzuri hawaweki akiba. Alafu hela itoke mapema, mradi unaoanza baada ya miaka mitatu haumsaidii aliyeachishwa mwezi huu, yule akikaa nje miaka miwili ujuzi unachuja, waajiri wanaona lile pengo kwenye sivii wanaiweka pembeni, na hata uchumi ukisimama tena yeye haitwi hata intavyuu.