Ukame au msongamano, nini kinadumaza misitu ya Mediterania?

Kila ukame ukiipiga misitu ya Hispania au kusini mwa Ufaransa unarudi ubishi uleule. Kuna wanaosema miti imedumaa kwa sababu mvua imepungua na joto limepanda, basi, na wengine wanasema hapana, miti imebanana mno, maji kidogo yaliyopo yanagombewa na mashina mengi kupita kiasi. Mimi naona wote wanashika ukweli, ila hawaushiki kwa uzito sawa.

Kwanza mti wa kule unakuaje, maana wengi wanadhani hukua jua likiwaka, kumbe kiangazi chao ndo msimu mkavu, mvua inanyesha miezi ya baridi. Kwa hiyo msonobari wa Aleppo unakua hasa baridi ikishaisha, udongo ukiwa bado umeshiba maji, alafu unasimama joto likikolea, na mvua zikirudi mwisho wa mwaka unaamka tena kidogo. Mtu wa pwani ya kwetu ataelewa haraka, ni kama mkulima wa masika na vuli, moja ikimtupa anategemea nyingine, zikimtupa zote ndo njaa yenyewe. Na hiyo njaa inaandikwa kwenye shina, maana kila mwaka mti unaongeza pete moja ya mbao, na mwaka mbaya pete inakuwa nyembamba kama uzi.

Sasa kitu ambacho kinapotosha watu sana ni ule ukijani. Seli mpya za mbao zinahitaji msukumo wa maji ndani yake ndo zitanuke, maji yakipungua hata kidogo kutanuka kunasimama mapema, wakati majani bado yanaendelea kutengeneza chakula kama kawaida. Yaani mti unaweza kuwa kijani kabisa na haujaongezeka unene. Ndo maana mtu akiniambia msitu fulani umestahimili ukame kwa sababu haujanyauka, nataka kwanza nijue pete zinasema nini.

Ushahidi mzuri uko Prades, Katalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania. Tangu 1999 watafiti wameweka vipande vya plastiki juu ya ardhi kwenye sehemu ya msitu wa mwaloni usiopukutisha majani, vinakinga sehemu ya mvua isifike chini, wakachimba na mitaro ya kuzuia maji yanayotiririka. Miaka ya mwanzo matokeo yalikuwa wazi, mti wa arbuto uliumia zaidi, mwaloni nao ukapungua sana kukua, lakini filirea, kamti kadogo tu ambako zamani hakuna aliyekahesabu, hakakushtuka. Hapo upande wa mvua unashinda, maji umeyapunguza kwa mkono wako na ukuaji ukashuka.

Lakini jaribio lilivyoendelea miaka mingi yale madhara yakaanza kupungua makali, na moja ya maelezo yanayotolewa ni kwamba mashina kadhaa yalishakufa, waliobaki wakagawana maji wakiwa wachache. Hapo upande wa pili nao unapata nguvu, tena wana historia nyuma yao. Misitu mingi ya mwaloni kule ilikuwa ya kukatiwa mkaa, karne kwa karne, kisiki kinachipua, machipukizi yanakatwa tena. Katikati ya karne ya 20 gesi na mafuta vikaingia majikoni, watu wakahamia mijini, na machipukizi yakaachwa yakue yote kwa pamoja, kisiki kimoja mashina matano sita yanakunywa shimo moja. Angalia pia msitu wa Yatir, ukingoni mwa jangwa la Negev kule Israeli, misonobari iliyopandwa kuanzia miaka ya 1960, mvua kama milimita 280 tu kwa mwaka na bado unaishi, na miti yake imeachiana nafasi.

Ila mtu asiseme msongamano ndo kila kitu, mierezi ya milima ya Atlas inakataa. Ukame wa 1999 hadi 2002 kaskazini magharibi mwa Afrika ulikuwa mbaya kuliko wowote tangu angalau katikati ya karne ya 15, pete za miti zenyewe ndo zinasema hivyo, na mierezi ilikufa kwa wingi Aljeria na Moroko, nchi ambako watu na mifugo hawajaondoka milimani, kwa hiyo huwezi kusema ni msitu ulioachwa ukabanana. Udongo ukikauka kabisa hata uachie mti nafasi ya uwanja wa mpira utakunywa nini? Wapo pia wanaotegemea hewa ukaa (kaboni dioksidi), kwamba ikiongezeka mti unatumia maji kwa ubahili. Ubahili umeongezeka kweli, vipimo vya kwenye pete vinaonyesha, lakini sehemu nyingi za Mediterania unene haukuongezeka nao.

Kwa hiyo kupunguzia miti, yaani kukata baadhi ili iliyobaki ipate nafasi, nakuunga mkono, hasa kwenye ile misitu ya mkaa iliyoachwa, kwa sababu inanunua muda, na muda kwa mti wa miaka mia si kitu kidogo. Lakini tusidanganyane, faida inafifia, visiki vya mwaloni vinachipua upya, miti iliyobaki inapanua majani na kiu inarudi palepale, ina maana unarudi na msumeno tena na tena. Mbao za kule nyembamba hazilipi gharama hiyo, lazima hela ya umma itoke, na hapa ndo naona wanasiasa wanapenda kuongelea msongamano kwa sababu wa kulaumiwa ni mwenye shamba, wakati joto linahitaji waamue mambo magumu zaidi. Na hii hoja ya mkaa mtu asiibebe akaileta kwetu kama ruhusa ya kukata, kule msitu umerudi na kujaa, kwetu sehemu nyingi ndo kwanza unaondoka.

Wakienda kupunguzia, naomba jambo moja tu, filirea waiache. Mazoea ni kuuacha mwaloni na kufyeka vidogo, na kule Prades kidogo ndicho kilichoendelea kukua.