Bikari ya Tatu

Nawaomba radhi walimu wote mapema, lakini mwaka huu nimenunua bikari tatu na sijaona duara hata moja lililochorwa nazo nyumbani kwangu. Tatizo ni kwamba dukani kwetu bikari haiuzwi peke yake. Ukiipoteza unanunua mkebe mzima, na ndiyo maana sasa ninamiliki rula tatu za sentimita 15, vipimapembe vitatu, na vile vipembetatu sita vya plastiki ambavyo tangu nizaliwe sijamsikia mtu mzima akiviulizia.

Mwaka 2016, serikali ilipofuta ada ya sekondari, ambayo kwa shule za kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, binti yangu alikuwa bado chekechea, nami nilitembea mtaani kama mtu aliyerithi shamba. Sikujua kwamba ada ilikuwa na ndugu zake, yaani sare, madaftari makubwa, fagio la chelewa na huyu mkebe, na kwamba ndugu hao wote wangehamia kwangu.

Bikari ya pili ilipotoweka, niliunda tume ya watu wawili, mimi na mama watoto. Tulibandika ratiba ya vipindi mlangoni, na kila usiku saa tatu nikawa naita mahudhurio ya vifaa, mmoja baada ya mwingine, kabla begi halijafungwa. Rula ipo, kifutio kipo, kichongeo kipo lakini hakichongi. Bikari? Kimya, na watoto wote wanatazama dari.

Tume iligundua kwamba mkebe ni wa binti, lakini watumiaji ni ukoo mzima. Mdogo wake aliitumia ile ncha kutobolea kandambili iliyokatika mkanda. Mama yao, ambaye ni mjumbe wa tume, alitolea mwiba kisha akaiweka mahali pa usalama, na mahali hapo pana usalama kiasi kwamba hata yeye hapajui. Penseli tuliikuta kwa jirani, aliyekuja kuiazima anakili tarakimu 20 za LUKU. Kuhusu bikari ya kwanza, tume iliamua kwa kauli moja, ambayo ilikuwa yangu, kwamba habari za mtu aliyeichukua ili atolee laini ya simu, kisha akaisahau kwenye kiti cha daladala, zisiingizwe katika ripoti.

Wiki iliyopita nikaitwa shuleni. Mwalimu wa hisabati alinieleza kwa upole, upole ule unaomfanya mzazi ajione amesimamishwa kwenye kona, kwamba binti yangu anachora duara kwa kuzungushia kifuniko cha chupa ya chai.

"Mzee, duara la kifuniko halina kitovu kinachojulikana," alisema. "Sasa huyu mtoto atagawaje mstari katika sehemu mbili zilizo sawa, na kazi hiyo inataka matao mawili yenye nusu kipenyo kimoja?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu swali lenyewe lilinipita kwa mbali. Nikatoa mfukoni bikari ya tatu, mpya, ikiwa bado ndani ya mkebe, nikaikabidhi kwa mikono miwili kama mahari. Hapo ndipo nilipoinua macho ubaoni. Kulikuwa na duara kubwa, safi, la kupendeza, na juu ya meza kulikuwa na kipande cha chaki kilichofungwa kwenye uzi wa katani.

Mwalimu aliona ninapotazama. Akakohoa.

"Ile bikari ya ubao, ya mbao," alisema, "sindano yake haionekani tangu muhula uliopita."

Nilimsogelea, nikapunguza sauti, nikamuuliza kama katika siku hizo kuna mtu yeyote pale ofisini aliyebadilisha laini ya simu.