Eti C Imekufa

Kijana mmoja kanitumia ujumbe tena: "Kaka, nianze na C au Rust?" Swali lile lile la miezi mitano iliyopita: lugha ipi ya kuandikia programu aianze. Katika miezi hiyo hajaandika hata mstari mmoja. Katazama video, kafuata mabishano ya watu wasiojuana, na sasa ana sababu nzuri kabisa za kutoanza lugha yoyote.

Lakini aliyenichefua si yeye. Ni huyo aliyemjibu kabla yangu: "C ni ya wazee, imekufa." Marehemu gani huyu, anayeendesha simu ile ile unayotumia kutangaza msiba wake? Linux, kiini cha mfumo wa Android ulio kwenye simu nyingi, tangu 1991 sehemu yake kubwa ni C. Hata Python, lugha mnayoiita ya kisasa, ile programu ya kawaida inayoisoma na kuitekeleza imeandikwa kwa C. Tena Python ilitoka 1991 hiyo hiyo, miaka minne kabla ya Java, lakini anayeambiwa ni mzee ni Java.

Mimi C ilinifunza kwa kunichapa. Nilitenga nafasi 10 za namba, na pembeni nikaweka jumla, nikiianzishia salio la nyuma. C huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo nafasi ya mwisho ni ya 9. Kwenye kitanzi, yaani amri inayojirudia, cha kuzijaza sifuri nikaandika `i <= 10` badala ya `i < 10`. Alama moja tu ya ziada. C haikusema kitu. Ilijaza nafasi zangu 10, ikavuka mpaka, ikamfuta na jirani. Programu haikuanguka, haikulalamika. Ilitoa majibu ya uongo kwa adabu zote. Siku tatu nilikagua hesabu ambazo hazikuwa na kosa. Siku nilipochapisha anwani za memori, moja chini ya nyingine, nikaona jumla imepakana na nafasi ya 9 kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Ndiyo maana baadaye kompaila ya Rust, ile programu inayokagua na kutafsiri ulichoandika kabla hakijaendeshwa, iliponigombeza kwamba thamani nimeshaihamisha na siruhusiwi kuigusa tena, sikununa. Nilijua inanikinga na nini. Anayeanzia Rust bila kuonja hayo humwona kompaila kama mlinzi mkorofi anayempekua kila akipita getini. Atamwelewaje, naye hajawahi kuibiwa?

Haya, nakubali, shingo upande: C ni hatari hata mikononi mwa mabingwa. Heartbleed, tundu la usalama la 2014 ndani ya OpenSSL, programu ya kuficha mawasiliano ya intaneti, ilikuwa ndugu wa kosa langu, kusoma memori kupita mpaka, na siri za seva zikavuja. Linux yenyewe imeanza kupokea Rust tangu toleo la 6.1, Desemba 2022. Kwa hiyo ukijenga kitu kipya kitakachokaa wazi kwenye intaneti, usikiandike kwa C ili kuonyesha ubabe.

Utaniuliza, na COBOL, lugha kongwe kuliko C, si bado inatafutiwa watu? Ndiyo, Aprili 2020 gavana wa New Jersey, Marekani, aliomba hadharani watu wanaoijua. Lakini waliotafutwa ni wale waliokwisha kuzeeka ndani ya mifumo iliyoandikwa kwa lugha hiyo, si wewe uliyemaliza somo la kwanza jana usiku.

Basi nimemjibu kijana: chukua C, wiki sita. Andika orodha ambayo kila kipande kinashika anwani ya kinachofuata, kwa mkono wako, na kila `malloc`, amri ya kuomba memori, iwe na `free` yake ya kuirudisha. Ikikutoa jasho vya kutosha, iandike upya kwa Rust, ulie mara ya pili. Halafu ndiyo tuongee habari za kuchagua.

Kajibu baada ya dakika mbili: "Sawa kaka, nimekuelewa kabisa. Na Zig, je?"