Mguu Kwanza, Manyoya Baadaye

Juzi kijana mmoja alinionyesha mchoro wake wa mbwa. Wiki tatu ameuinamia. Manyoya ya shingo yamechorwa unywele mmoja mmoja kwa penseli ngumu ya 2H, na pua unaiona ikiwa na unyevu. Wote waliomtangulia kuutazama walimpa ushauri uleule: ongeza manyoya. Hakuna aliyemwambia kwamba mguu wa nyuma wa yule mbwa hauwezi kumbeba.

Iliniuma, kwa sababu nami nilifundishwa hivyohivyo na nikapoteza miaka.

Kile kinachochomoza kuelekea nyuma katikati ya mguu wa nyuma wa mbwa, mbuzi au farasi si goti. Ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limejificha kwenye ngozi na nyama. Mbwa anakanyaga kwa vidole. Farasi anasimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu kila mguu. Na bega la farasi halina mtulinga wa kulishikiza kifuani, limebebwa na misuli, ndiyo maana linateleza chini ya ngozi anapotembea. Asiyejua haya atachora bomba nne zilizochomekwa kwenye pipa, kisha azifunike kwa manyoya.

Mchoraji Mwingereza George Stubbs alikaa karibu mwaka mmoja na nusu akipasua mizoga ya farasi, tabaka kwa tabaka, na mwaka 1766 akachapisha michoro yake ya mifupa na misuli. Sikuambii ukachune mzoga. Lakini mbwa aliyekuzoea atakuruhusu umpapase. Mimi nilianzia kwenye nyonga, nikashuka na paja taratibu mpaka vidole vikagusa kifupa kidogo cha goti, kikicheza chini ya ngozi. Nikashuka tena, nikafika kwenye ule mshipa mgumu unaokaza kama kamba juu ya kisigino. Tangu siku hiyo mkono wangu haujakosea pale.

Ukishapata mifupa, shika mkaa wa kuchorea kabla ya penseli. Mkaa ni mnene, haukuruhusu kuhangaika na unywele. Kunja macho, tafuta giza, mwanga na cha katikati, basi. Weusi mzito uweke kwa mkaa mapema, maana ukikandamiza penseli laini ya 6B karatasi inang'aa na mkaa ukija juu yake unateleza. Manyoya utayadokeza mwishoni, pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli na kwenye ukingo wa mwili. Mengine jicho la mtazamaji litayamalizia.

Picha ya simu? Sawa, inasaidia, mnyama hatulii. Ila ukipiga kwa karibu pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, nawe utaunakili uongo huo kwa uaminifu.

Yule kijana nilimpa karatasi mpya na kipande cha mkaa, tukachora mguu peke yake: nyonga, goti, kisigino, vidole. Hakuweka hata unywele mmoja. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama anaweza kufuta ule mguu wa kwanza aurekebishe. Nimemwambia auache ulivyo, amchore mbwa upya.