Naumwa kwa Kiingereza

Leo siku ya pili niko ndani. Sina homa, sina mafua, tumbo shwari, na bado kazini wamenikataza kukanyaga. Silipwi. Ukiniuliza naumwa nini, nitakwambia ukweli: naumwa Kiingereza. Tena si changu, cha mwenye nyumba.

Huku Kawaguchi, Japani, mwenye nyumba anaitwa "ooya-san", na mimi kwa malezi ya Tanga ilinichukua miezi mitatu kuthubutu kumwita mzee wa miaka 70 na ushei "oya". Mama angekuwepo angenizaba kofi la mdomo. Mimi kwake ni Asumani-san, maana ile "th" ya Athumani haipiti kwenye ulimi wake. Tumesameheana.

Kinachonishinda ni kadi. Ana vikadi vimetungwa kwenye pete ya chuma kama funguo za mlinzi, mbele Kiingereza, nyuma Kijapani, na anakusubiri navyo penye taka. Mnazijua taka za huku. Za kuchoma siku yake, plastiki siku yake, chupa siku yake, asubuhi mapema. Ukimkwepa Jumatatu, Alhamisi mfuko utakutoa tu. Mimi hapo natoka zamu ya usiku, tangu saa nne napanga vipande vya samaki kwenye bento, vile visanduku vyao vya chakula, macho yananata, na mtu ananiinamia kwa heshima zote: "Asumani-san, samahani sana kukusumbua na umechoka." Kisha anasumbua.

Anaamini Mwafrika anazaliwa na Kiingereza. Mimi Kiingereza nilikutana nacho kidato cha kwanza, wiki ile ile niliyokutana na amiba, na wote wawili sijapata kuwaona vizuri mpaka leo. Lakini mtu akikuita "sensei", yaani mwalimu, mbele ya majirani, wewe utasema hujui?

Naye hasomi kwa mchezo. Amejiandikisha TOEIC, ule mtihani wa Kiingereza wa maswali 200 kwa saa mbili. Kilele alama 990, yeye anataka 600. Ujanani alifundishwa "This is a pen", sentensi ambayo anasema hajaihitaji hata siku moja, kwa kuwa kalamu kila mtu anaiona. Sasa ana mjukuu Vancouver, Kanada. Siku moja kwenye simu mtoto kamwambia mtihani wa hesabu ulikuwa "piece of cake". Mzee akatoka mbio, akanunua keki ya kasutera, akaipeleka posta. Gharama ya kuituma ikaizidi keki yenyewe. Alipoelezwa kwamba maana yake ni kitu rahisi, akanyamaza kidogo, akasema wao kitu rahisi hukiita "asameshi mae", kabla ya chakula cha asubuhi, yaani unakimaliza hata hujafungua kinywa. Hiyo inaeleweka. Keki imeingiaje? Nikamuunga mkono. Kweli, keki imeingiaje?

Basi wiki iliyopita akatoa kadi ya "under the weather". Yeye huisoma "andaa za wezaa". Niliposikia "andaa" usingizi ukakatika.

"Niandae nini, mzee?"

Akanionyesha kadi. "Chini ya hali ya hewa. Asumani-san, kwani nani yuko juu ya hali ya hewa?"

"Rubani," nikasema.

Akafikiri. Akaandika. "Na akishatua?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema sijui. Kuna mama wa ghorofa ya chini alikuwa amesimama na mfuko wake anasikiliza, kanitazama kama ninavyotazamwa ninapobeba gunia la mchele kwa mkono mmoja. Nikakohoa. "Ni mtu aliyenyeshewa," nikasema. "Mvua juu, yeye chini, hana mwavuli."

Mzee uso ukamng'aa. Akaandika, akachora na kimtu chini ya wingu, akaniinamia mara tatu. Nikaenda kulala usingizi wa mtu aliyetoa sadaka.

Juzi ikanyesha, haya masika yao ya mwezi wa sita. Mwavuli wangu nilikuwa nimeuacha mlangoni mwa duka dakika mbili. Hii nchi ukidondosha pochi inarudi na senti zake zote, lakini mwavuli wa plastiki huo hauna mwenyewe. Nikarudi nyumbani nachuruzika. Mzee yuko dirishani, ananiona, anaruka kwa furaha. Amepata sentensi! Jioni akamvizia kijana wa Nepal wa chumba namba 203, ambaye tunafanya naye kazi, akamtamkia neno moja moja: Asumani-san yuko andaa za wezaa.

Sasa yule kijana Kiingereza amekisoma kikamilifu. Ndiyo balaa yenyewe. Jengo zima mtu mmoja tu anajua maana yake, na ndiye aliyeambiwa. Akampigia hancho, kiongozi wetu wa zamu: Asumani mgonjwa.

Kiwanda cha chakula, jamani. Pale mlangoni kabla hujaingia unapimwa joto, unaulizwa kama unaharisha, unakaguliwa vidole, unanawa mpaka viwiko. Nimefika, kipimo kinasoma 36.2. Hancho anakitazama, ananitazama.

"Joto zuri. Lakini unaumwa."

"Siumwi."

"Tumeambiwa."

"Mimi mwenyewe nakwambia siumwi!"

Akatikisa kichwa kwa huruma. Huku mgonjwa wa kweli ndiye anayesema haumwi, basi kadiri nilivyokataa ndivyo hali yangu ilivyozidi kuwa mbaya. Nilipopandisha sauti wakaniletea kiti. Siku mbili, pumzika, kunywa maji.

Ningejieleza? Ningesemaje, kwamba nilimdanganya mzee wa watu kuhusu hali ya hewa? Kijapani changu ni cha taka na samaki, hakifiki huko. Nikachagua kuumwa.

Na hela ya zamu mbili ndiyo hiyo imekwenda, huku kwenye kundi la WhatsApp harusi ya binamu inapumulia mashine. Kosa langu nalo. Nilipohamia hapa nilijisahau nikawaambia naishi "manshon". Kwa Wajapani hilo ni ghorofa la zege tu. Changu ukinyoosha mikono unashika jiko na kitanda. Dada akalitafuta neno kwa Kiingereza, akaletewa picha zenye bwawa la kuogelea. Toka hapo mchango wangu wanaupanga wenyewe.

Asubuhi hii hodi. Mzee, na bakuli la uji wa mchele, juu yake ile plamu ya chumvi, umeboshi. Akainama mpaka nikaona kisogo. "Asumani-san, kijana amenieleza maana. Nisamehe, masikio yangu ya kizee. Ulisema mgonjwa, mimi nikasikia mvua."

Nifanyeje? Nikasema, "Hamna neno, mzee, hutokea."

Nikala uji wake. Umeboshi chachu hiyo, ukwaju ni asali, chozi likanitoka, akadhani homa imepanda. Kisha mkono ukaingia mfukoni. Kadi! Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mzee, achana na Kiingereza, lugha zote zina wazimu. Sisi kwetu tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki. Nilitaka kumkatisha tamaa. Akatoa vikadi vipya, vitupu, akaanza kuandika. Simu kaielewa, pasi akapita nayo. Kwenye mswaki akasimama, akaniuliza kwa upole mswaki umekosa nini.

Ameondoka, bakuli kaliacha. Bakuli la watu halirudi tupu, na humu ndani nina pakiti mbili za tambi na kitunguu. Nimewaza vitumbua, ila unga wa mchele dukani kwao una majina manne na mifuko yote inafanana. Mara ya mwisho nilichukua ule wa mochi, vile vitafunwa vyao vinavyonata. Kikaango bado nimekiloweka.