Nyota ya Bama na Tumbili wa Saanane

Vita ya Kagera iliisha mwaka 1979 kila mahali isipokuwa barazani kwa baba mkwe wangu, Igoma, Mwanza. Pale bado inapiganwa, hasa siku rafiki yake wa Ukerewe akivuka na kivuko kuja kliniki. Huyo rafiki tunamwita Saba Saba, kwa sababu alikuwa kwenye mizinga, upande wa ile mitambo ya roketi ambayo Waganda wenyewe waliibandika jina hilo. Roketi zilimwachia heshima, zikaondoka na sikio lake la kushoto. La kulia husikia linachotaka. Ndiyo maana yeye hana siri. Akikunong'oneza jambo, mtaa mzima unaitikia.

Baba mkwe alikuwa koplo, askari wa miguu. Daraja la Kyaka lilishalipuliwa na majeshi ya Amin, wakavuka mto Kagera hivyo hivyo, wakatembea Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11. Akikusimulia, mkifika Masaka chai imepoa, mkifika Lukaya mama mkwe ameshaanza kusonga ugali wa usiku.

Na kabla yake, baba yake mzazi alikuwa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, akapelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Mzee yule alirudi na homa zisizoisha na nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wake umefifia hata hujui nyekundu inaishia wapi. Alipofariki, ng'ombe waligawanwa, shamba la Magu likagombaniwa hadi baraza la kata. Nyota haikuguswa. Ilienda kwa koplo moja kwa moja, na tangu hapo hutoka naye kila anapokutana na wanajeshi wenzake.

Kisha ukoo ukanipata mimi. Nina duka la steshenari Makoroboi, na nilimaliza kidato cha sita miaka ile JKT ya lazima imesitishwa. Baba mkwe hajawahi kunisema kwa hilo. Huwa ananiangalia tu, kisha anamwangalia binti yake, kisha anaangalia chini.

Sasa siku hiyo ubishi ulikuwa juu ya bomu. Kwa wasiojua: Machi 1979, Gaddafi, aliyekuwa akimsaidia Amin, alituma ndege ya kivita aina ya Tupolev Tu-22 ije kuipiga Mwanza. Ikaukosa mji mzima. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambako serikali ilikuwa imeanzisha bustani ya wanyama tangu 1964, na waliokufa shahidi ni swala. Saba Saba anasema bomu lilitua upande wa mawe makubwa. Baba mkwe anasema hapana, ni kule kwenye nyasi walikokuwa swala wenyewe, vinginevyo wangekufaje? Wamebishana hivyo miaka nenda rudi, kwa sauti, kwa michoro ya mkaa sakafuni. Siku lile bomu linaanguka, wote wawili walikuwa Uganda.

Mke wangu akachoka. "Wapeleke Saanane. Wakabishane mbele ya hao swala."

Ukitokea Capripoint ni mwendo mfupi tu kwa boti, lakini jaketi la kuokolea ni lazima kuvaa. Hapo tukakwama kidogo. Baba mkwe alitaka kujua kama mtu aliyevuka Kagera usiku chini ya risasi anaweza kuvalishwa kitu cha rangi ya machungwa na kijana wa umri wa wajukuu zake. Kijana akasema, "Shikamoo mzee, utaratibu." Akavaa. Saba Saba alishavaa zamani, akalifunga kamba zote kwa fundo la jeshi ambalo baadaye lilihitaji kisu.

Kisiwani askari wa hifadhi alitueleza vizuri kabisa: msiwape wanyama chakula, na mifuko ishikeni, tumbili wa hapa wamesoma. Mimi nilisikia. Saba Saba alisikia "mifuko iwekeni". Akauweka mfuko wa khaki juu ya jiwe.

Ndani ya mfuko mlikuwa na maandazi ya mama mkwe. Na nyota ya Bama, imefungwa kwenye leso, kwa sababu mfuko wa koti la baba mkwe umetoboka.

Tumbili hakukimbia hata kidogo. Alishuka, akachukua, akapanda juu ya mwamba akaketi. Akala andazi moja akitutazama. Kisha akaifungua ile leso, kona baada ya kona, kwa makini ya mhasibu.

Nilidhani baba mkwe atalia. Badala yake mgongo ukanyooka, miaka arobaini ikamtoka mwilini palepale.

"Saba Saba, kulia! Mkwe, kushoto, tambaa! Asituone."

"Baba, anatuona. Anatuangalia."

"Tambaa, kuruta!"

Nikatambaa. Suruali nilikuwa nimeinunua ya sikukuu. Saba Saba naye, kwa kuwa alikuwa mtu wa mizinga, akaanza kutafuta mawe, ikabidi askari wa hifadhi amnyang'anye na kumkumbusha kwamba hii sasa ni Hifadhi ya Taifa, tangu 2013, na huyo adui analindwa na sheria.

Tumbili aliiuma nyota. Akaona haina ladha. Akaiachia, ikagonga mwamba mara mbili ting, ting, ikatumbukia kwenye ufa kati ya mawe mawili.

Ufa wenyewe ulikuwa wa pimbi. Wazee wakaupima kwa macho, wakanipima na mimi. Mwembamba nilikuwa peke yangu.

Niliingia kwa mkono, bega, kichwa. Ndani kunanuka mkojo wa pimbi, harufu ambayo sitaieleza zaidi kwa sababu kuna watu wanasoma wakila. Niliigusa nyota kwa ncha za vidole, nikaikamata. Nikataka kurudi nyuma, bega likagoma. Mbele yangu, umbali wa andazi, macho mawili ya pimbi yakinitazama bila huruma.

"Nimekwama!" nikasema.

"Amepata!" Saba Saba akatangaza.

Wakanishika miguu, kila mzee na mguu wake, wakaanza kuvuta kwa kuhesabu. Nikapiga kelele "Acha! Acha!" Saba Saba akasikia "Kaza!" Akakaza. Suruali ya sikukuu ikaachana katikati. Baba mkwe akabaki na mguu wa kulia, Saba Saba na wa kushoto, na mimi nikabaki mwambani na bukta ya njano na kijani. Baba mkwe ni Simba damu.

Jamani, mbele ya mkwe! Kwetu hata kupita mbele yake ukiwa na kaptura ni kesi.

Ndipo nikasikia sauti za watoto. Ziara ya shule ya msingi. Mwalimu wao alijaribu kuwageuza waangalie ziwa, lakini Saba Saba alikuwa ameshaona hadhira, akaanza kuwaeleza, na ule mguu wa suruali begani, jinsi majeruhi anavyookolewa chini ya mashambulizi. Mtoto mmoja akanyoosha kidole kwenye bukta yangu.

"Babu, huyo ndiye Idi Amin?"

Askari wa hifadhi ndiye aliyenitoa. Alisema tu nitoe pumzi yote na nikunje bega, nikateleza nje. Nikamkabidhi baba mkwe nyota yake kwa mikono miwili, uso pembeni. Aliipokea kwa uso pembeni vilevile. Akaifuta kwenye shati. Kisha akavua jaketi lake la machungwa, akanifunga kiunoni bila kusema neno.

Nilimwomba Saba Saba simu, yangu ilibaki kwenye nusu moja ya suruali. Akakataa nisipige mimi, akapiga mwenyewe kwa mke wangu, kwa sauti yake ile.

Tuliporudi gati ya Capripoint, bodaboda alikuwa anatusubiri na suruali mkononi, watu wamejaa.

"Mkwe aliyevuliwa suruali na wazee ni yupi?"

Wazee wote wawili wakakaza miguu, wakaninyooshea kidole.